Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula na Safari ya Engaruka

Ndugu Wazazi na Walezi,

Tunafunga muhula wa kwanza Ijumaa hii. Ripoti mtazichukua wenyewe kwa walimu wa darasa, kwani zile za mwaka jana nyingi ziliishia kwenye mabegi. Shule itafunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Julai. Wenye salio la ada wapite kwa mhasibu kabla ya siku hiyo.

Lililonifanya niandike hasa ni safari ya Kidato cha Tatu, mwezi Septemba, kwenda kwenye magofu ya mawe ya Engaruka, wilayani Monduli. Baada ya kikao, mzazi mmoja alinivuta pembeni: "Mwalimu, mtoto atoke Mbagala mpaka Monduli kutazama mawe? Si bora Ngorongoro?" Ndiyo, mzazi wangu, mawe.

Engaruka iko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron. Si jangwa kamili, ila kwa mtoto wa Dar aliyezoea minazi na unyevu, litakuwa jangwa tu: vumbi, migunga, jua. Katika ukame huo, kuanzia karne ya 15 hivi, watu waliishi kwa kilimo cha kumwagilia. Walikinga vijito vinavyoshuka ukutani, wakayaongoza maji kwa mifereji ya mawe mpaka mashambani, eneo la kilomita za mraba 20 hivi, na mtama ukastawi. Nyumba zao zilikaa kwenye matuta mlimani. Kufikia karne ya 18 walikuwa wamehama. Sababu moja inayotajwa ni maji kupungua, na hilo ndilo swali watakaloandikia insha.

Nilipofika mara ya kwanza nilichuchumaa kando ya mfereji mmoja. Jiwe limebebana na jiwe, katikati hamna saruji wala udongo, na mbuzi walikuwa wakipita juu bila chochote kutikisika. Ukuta wa choo chetu cha wavulana una miaka 6 na umeshapasuka.

Kabla ya safari tutapita Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, wasome habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata mtafiti Mary Leakey kule Oldupai mwaka 1959.

Basi litaondoka saa 10 alfajiri na tutalala Arusha. Safari iliyopita gari la kukodi lilitufia kwenye vumbi, tukakaa saa 3 juani na katoni mbili za maji kwa watoto 40. Sitaki kurudia. Kila mtoto aje na lita 3 za maji, kofia, sweta la usiku na khanga au kitambaa cha kujifunika vumbi. Viatu viwe vya kufunika mguu. Mwiba wa mgunga hupenya kandambili. Mwenye pumu, matroni ajulishwe mapema.

Waonyeni pia wasiokote kitu, hata kigae. Mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964, nami sina hamu ya kumfuata mtoto polisi Monduli.

Gharama ziko kwenye fomu, zinalipwa kwa awamu tatu, na safari si ya lazima. Fomu zirudi wiki ya kwanza ya Julai. Isiyo na namba ya simu inayopokelewa usiku hatutaipokea.

Wenu,
Mkuu wa Shule
Dar es Salaam