Risala ya Kikundi cha Takwimu za Maneno kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mgeni Rasmi, karibu sana. Maneno hayo manne yana herufi 20, yaani wastani wa herufi 5 kwa neno. Utuwie radhi, ndiyo kazi yetu, na sasa hata salamu haitupiti bila kuhesabiwa. Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko na kufika kwa wakati. Tunalisema hili kwa uzito, maana tumewahi kupiga makofi mbele ya kiti kitupu.

Historia yetu ni fupi. Kikundi kilianza na wanachama wanne, rula moja na riwaya iliyokosa jalada. Leo wanachama hawatoshi kwenye benchi mbili. Mafanikio ni makubwa: tuna kabati lenye kufuli, tumeshika nafasi ya tatu katika maonyesho ya taaluma, baada ya ushindani mkali wa vikundi vitatu, na tumewakutanisha mwalimu wa Hisabati na wa Kiswahili, ambao sasa hubishana kila wiki kama ritifaa ya ng'ombe ihesabiwe. (Haihesabiwi. Ng'ombe ana herufi 6.)

Mheshimiwa, kazi yenyewe ni kulinganisha urefu wa maneno katika vitabu mbalimbali. Tunachagua kurasa kwa kura ili mtu asijichagulie ukurasa mwepesi. Mmoja anasoma neno, wa pili anataja idadi ya herufi, wa tatu anachora vijiti, cha tano kikivikata vinne vilivyotangulia. Kisha tunachora grafu: maneno ya herufi 2 ni mangapi, ya 3 mangapi, hadi mwisho. Upande wa kushoto hujaa akina na, ya, wa, za. Upande wa kulia mkia unavutwa na vitenzi vyetu, ambavyo hubeba mtenda, wakati na mtendewa ndani ya neno moja. Ndiyo maana hatuuamini wastani peke yake. Vitabu viwili vinaweza kuwa na wastani uleule na grafu zao zisijuane kabisa.

Wazo hili si letu. Mwaka 1887 mwanafizikia wa Marekani, Thomas Corwin Mendenhall, alipendekeza kwamba kila mwandishi ana mchoro wake wa urefu wa maneno. Baadaye akamlinganisha Shakespeare, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, na Francis Bacon, mwandishi wa zama zake ambaye baadhi ya watu walidai ndiye aliyeziandika tamthilia hizo, akatangaza matokeo mwaka 1901: maneno ya Shakespeare yalijaa zaidi kwenye herufi 4, ya Bacon kwenye herufi 3. Waliolikataa dai hilo wakarukaruka kwa furaha, mpaka ikaonekana kwamba mashairi ya tamthilia yalikuwa yamelinganishwa na nathari. Sisi mtego huo tunaujua. Malenga akibanwa na mizani hugeuza "aliyekuja" kuwa "alokuja", herufi 9 zikawa 7. Ukiiweka diwani kando ya riwaya utakuwa umepima mizani, na mwandishi hujamgusa.

Lakini kilichotugusa zaidi katika kisa cha Mendenhall ni mambo mawili. Kwanza, hakuhesabu mwenyewe. Wanawake wawili walifanya kazi hiyo kwa miezi, mmoja akisoma na mwenzake akibonyeza vitufe vya mashine ya kuhesabia, na kwa Shakespeare peke yake walihesabu maneno kama 400,000. Pili, na hapa tunaomba usikivu wako wa pekee, alikuwa na mfadhili, Augustus Hemenway wa Boston. Alisema atagharimia, akagharimia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye haja yetu, na ni moja tu. Tunaomba kompyuta.

Kitabu chetu cha wageni kina ukurasa ambao tumeusoma kuliko kitabu chochote cha ziada na kiada. Mgeni rasmi wa mwaka juzi, ambaye tunamheshimu na hatutamtaja, aliandika kwa mkono wake: "Tutawaletea kompyuta tano kabla ya muhula kwisha." Tuliihesabu sentensi hiyo. Ina maneno 7: la herufi 11, la 8, la 4, la 5, la 2, na mawili ya herufi 6. Jumla herufi 42, wastani 6. Ukizipanga kuanzia ndogo, namba ya katikati ni 6. Namba inayojirudia zaidi ni 6. Ni nadra sana vipimo vitatu kukubaliana hivyo, na mwalimu wetu wa Hisabati huitumia sentensi hiyo kufundishia kidato cha pili. Kitakwimu haina kasoro hata moja.

Muhula uliisha. Mihula mingine imefuata.

Na tulijiandaa, Mheshimiwa. Wazazi walichonga meza, soketi ikawekwa ukutani, dada zetu wakashona kitambaa cha kuzuia vumbi. Ile meza pale dirishani, yenye kitambaa cha bluu, ndiyo yenyewe. Mwaka jana mgeni mwingine aliguswa na hali ile, akatuletea kiwambo cha kompyuta. Tulimshukuru kwa dhati. Mashine ya kukiwasha ilikuwa ifuate wiki ile ile. Kwa sasa kiwambo kinatusaidia kujitazama tunapochana nywele kabla ya gwaride, na soketi inachaji simu ya mlinzi.

Huenda ukajiuliza kwa nini tusiendelee na vijiti. Tatizo ni hesabu yenyewe. Ukitaka kosa la makadirio ya wastani lipungue kwa nusu, maneno maradufu hayatoshi; unahitaji mara nne. Ukitaka libaki robo, ni mara 16. Tukitaka kufikia maneno 400,000, hata mtu akihesabu neno moja kila sekunde bila kula wala kupepesa, ni saa 111. Kipindi chetu ni dakika 40 kwa wiki, nacho hukatizwa na usafi wa mazingira.

Isitoshe, kupima urefu kuna mpaka wake. Wanatakwimu wa Marekani, Frederick Mosteller na David Wallace, walipotafuta mwandishi wa makala 12 za Federalist, yaani makala za kale za kuitetea katiba ya Marekani, zilizobishaniwa kati ya wanasiasa Hamilton na Madison, vipimo vya urefu viliwatupa. Wastani wa maneno kwa sentensi ulikuwa 34.55 kwa mmoja na 34.59 kwa mwingine. Utawatenganisha vipi? Ikabidi wahesabu vijineno vidogo ambavyo mwandishi huvitumia bila kujijua, na jibu likamwelekea Madison. Kitabu chao kilitoka mwaka 1964. Walianza kwa vipande vya karatasi, neno moja kwa kila kipande, na wenyewe wameandika kwamba pumzi moja nzito ilitosha kuvitimua vyote. Kisha wakaenda kwenye kompyuta. Sisi bado tuko kwenye vipande, na dirisha letu halina kioo. Siku ya upepo wa mwezi uliopita tulikusanya sura nzima ya riwaya kutoka kwenye bustani ya mchicha ya darasa la jirani, na neno "mapenzi" halijapatikana hadi leo.

Kwa kompyuta, programu ndogo tu hukata maneno kwenye nafasi, ikahesabu herufi na kuchora grafu kabla msomaji wetu hajamaliza kukohoa. Kurasa tutazichapa wenyewe kwa zamu, zamu tumeshapanga.

Hatuombi tano tena, Mheshimiwa. Tano tumejifunza kuziogopa. Tunaomba moja, inayowaka, ije na waya wake, na tunajua iliyotumika haina ubaya. Kama haiwezekani, tunaomba tuambiwe hapa hapa, tutashukuru na kuendelea kuchora vijiti, ila kitambaa tutakiondoa mezani maana kinahitajika kwenye jukwaa.

Tumeona pia kwamba "tutawaletea" ni neno la herufi 11, na "imefika" ni la herufi 7. Tungependa safari hii tuhesabu lile fupi.

Kitabu cha wageni kiko mbele yako, kimefunguliwa ukurasa mpya. Baada ya jina na sahihi tumeongeza safu ya tatu, kwa penseli, yenye kichwa "Tarehe". Si tarehe ya leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.