Tuulize dawa, si homoni

Mhariri,

Wiki iliyopita mama mmoja alikuja bandani kwangu Kibaha kununua kuku. Akanivuta pembeni, akauliza kwa sauti ya chini: "Baba, hawa unawachoma sindano gani mpaka wakue hivi?" Swali hilo nalisikia kila mwezi, na linaniuma.

Kuku wa nyama hukua kwa wiki 5 au 6 kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kizazi hadi kizazi kwa miongo mingi, na kwa chakula chenye protini ya kutosha. Homoni ya ukuaji ukiichanganya kwenye chakula humeng'enywa tumboni kama protini nyingine. Ingebidi umchome kila kuku, tena mara kwa mara. Nina kuku 600! Hata chanjo za kideri na gumboro nawapa kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo pakiti iliyoandikwa "haina homoni" haimtofautishi kuku huyo na wangu, isipokuwa kwa bei.

Kiini cha njano nacho si ushahidi wa ukienyeji. Kuku akila mahindi ya njano au majani mabichi, kiini hukolea. Akila mahindi yetu meupe, hupauka.

Linalostahili kuulizwa ni antibayotiki. Baada ya dozi kuna siku za kusubiri dawa iishe mwilini mwa kuku kabla ya kuchinja au kuuza mayai, na wapo wafugaji wenzangu wasiosubiri. Hapo ndipo vimelea sugu, visivyosikia dawa tena, hupata nafasi. Wanunuzi, tuulizeni hilo. Daftari langu la dawa limetundikwa kwenye msumari mlangoni, lifungueni.

Mfugaji,
Kibaha