Bunduki ya bei nafuu inatosha kwa shabaha

Mhariri,

Anayetaka kuanza mchezo wa kulenga shabaha huambiwa mara nyingi kwamba bila bunduki ya bei mbaya hafiki mbali. Matokeo yake anamaliza fedha zote kwenye bunduki na kubaki hana za risasi. Si kweli hata kidogo. Bunduki ya kawaida ya .22 (upana wa tundu la mtutu, kwa inchi), ya bolti (komeo la chuma linalofunguliwa na kufungwa kwa mkono), yenye kibali, inamtosha kwa miaka mingi. Risasi yake, .22 Long Rifle, ipo tangu 1887. Kichwa chake kina gramu 2.6 hivi, haipigi teke bega, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye Olimpiki kwa umbali wa mita 50. Raha yake iko hapo: hakuna kishindo cha kumfanya mtu afumbe macho, kwa hiyo kila tundu kwenye karatasi linamwonyesha kosa lake mwenyewe.

Bunduki nafuu ikianza kutawanya risasi, watu hulaumu mtutu. Anza na skrubu zinazoushika kwenye kitako. Zikilegea, hata mlengaji hodari hapati kundi, yaani matundu yaliyokaribiana. Kisha geukia risasi, maana kila mtutu una aina unayoipenda. Nunua aina nne au tano. Kila ukibadilisha aina, piga kumi hivi ambazo huzihesabu kwenye matokeo, kwa sababu nta ya risasi zilizotangulia imebaki ndani ya mtutu na itavuruga matokeo. Halafu piga makundi mawili ya tano tano kwa mita 50, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Risasi ghali si lazima zishinde. Zile za kasi hutoka zikiipita sauti, na zikirudi chini ya kasi hiyo njiani huyumba. Za mwendo wa mita 325 hivi kwa sekunde hutulia zaidi.

Usiguse alama za kulengea mpaka kundi likusanyike. Ya nyuma husogezwa upande unaotaka tundu liende, ya mbele kinyume chake.

Usifyatue chemba (nafasi ya risasi nyuma ya mtutu) ikiwa tupu, labda mtengenezaji awe ameruhusu. Katika .22 sindano ya kufyatulia hupiga ukingo wa ganda. Pasipo ganda hupiga ukingo wa chemba, chuma kikabonyea, na baada ya hapo maganda hung'ang'ania. Risasi ikigoma, acha mtutu uelekee shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo ufungue bolti. La hatari zaidi ni mlio hafifu usio wa kawaida. Hapo simama, toa risasi zote, ondoa bolti na uchungulie ndani ya mtutu: huenda kichwa kimekwama katikati, na risasi ya pili ikikifuata inaweza kuupasua mtutu.

Udogo wa .22 usimdanganye mtu. Kichwa chake huruka zaidi ya kilomita moja, na kikigonga jiwe au maji hupotoka. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo. Miwani na vizuia sauti masikioni ni lazima, bunduki ifungiwe mbali na risasi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu.

Wakati wa kusafisha, ufito uingie kwa upande wa chemba. Ukiuingiza mdomoni mwa mtutu utakwaruza ukingo wake, na hapo ndipo usahihi wote unapopotelea.

Mlenga shabaha