Shangazi, nirudie gauni lile lile au niazime la shoga yangu?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 33 na nafanya kazi ya ofisini. Mshahara wangu unajua njia yake kabla haujaingia: kodi ya nyumba, nauli, chakula, ada ya mdogo wangu. Katika kile kinachobaki ndimo inabidi zitoke nguo, viatu, nywele na manukato. Hilo silalamikii, nimelizoea. Nakuandikia kwa sababu kuna mwanamume ninayetoka naye kwa muda sasa, tunaheshimiana, mambo yanakwenda vizuri, lakini swali la nivae nini limeanza kuninyima usingizi kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa umri wangu.

Mimi si mtu wa makeke. Napenda nguo tulivu: rangi moja, mkato ulionyooka, isiyobana wala kupwaya, hereni ndogo, basi. Nguo ambayo ukiitazama kwenye picha baada ya miaka kumi hujicheki. Kwa mitoko nina mavazi mawili tu ninayoyaamini. Moja ni gauni la bluu iliyokoza, shingo ya mviringo, mikono inayoishia chini kidogo ya kiwiko, urefu unaovuka goti. La pili ni suruali nyeusi na shati jeupe la pamba. Yote nimeyatoa kwenye mitumba, na sioni aibu kusema.

Naomba nikueleze kidogo kuhusu hilo gauni, maana ndilo kiini cha barua hii. Nilipolishika nililigeuza nje ndani kabla hata sijalijaribu. Lina bitana. Kwenye mishono ya pembeni kumeachwa kitambaa cha kutosha, karibu upana wa kidole, kwa hiyo linaweza kuachiwa au kubanwa. Zipu imefichwa, haikunjiki ukikaa. Nikaangalia mabega, yakanikaa sawasawa, na hapo ndipo nilipoamua kulipa. Kiuno fundi anakibana kwa muda mfupi, upindo anaushusha, mikono anaipunguza, lakini bega likikataa inabidi nguo ifumuliwe na kuundwa upya, na ufundi unaweza kuzidi bei ya nguo yenyewe. Fundi wangu alipoushusha upindo, ulibaki mstari mwembamba uliopauka pale kitambaa kilipokuwa kimekunjwa zamani. Akapitisha cherehani juu ya ule mstari kwa uzi wa rangi ile ile, kisha akapitisha mshono mwingine sambamba nao. Ukiangalia unadhani ni pambo lililokusudiwa tangu mwanzo. Sijaona aliyegundua.

Nilichagua bluu kwa makusudi. Watu wakishauri kuhusu mavazi ya mtoko wanakimbilia nyeusi, lakini nyeusi ya kitambaa cha bei ya chini ina vituko vyake. Ikifuliwa mara kadhaa inaanza kuelekea kijivu au kahawia, na ukivaa sketi nyeusi na blauzi nyeusi zilizopauka kwa viwango tofauti, kila moja inaiumbua mwenzake. Bluu iliyokoza inazeeka kwa adabu. Nalifua kwa maji baridi, nje ndani, nalianika kivulini, napiga pasi nikiwa nimetandika kitambaa juu yake lisianze kung'aa. Vile vijidonge vya nyuzi vinavyojitokeza makwapani navinyoa kwa wembe taratibu. Kwa hiyo ukiniona nimelivaa, Shangazi, hutasema huyu mtu hana hela. Utasema amependeza. Angalau mara ya kwanza.

Tatizo ni hizo mara nyingine. Yeye anapenda kupiga picha, na picha anazituma kwa ndugu na marafiki zake. Chakula cha jioni, gauni la bluu. Maonyesho ya picha za kuchora, suruali na shati jeupe. Siku yake ya kuzaliwa, gauni la bluu. Nilijitahidi kulibadilisha: siku moja nikaweka mkanda mwembamba, siku nyingine skafu, nywele nikazibana juu, nikavaa hereni za lulu za bandia. Mwanamke angeona tofauti. Kwenye picha ni gauni lile lile.

Mara ya mwisho aliponipitia alinitazama, akatabasamu, akasema, "Nilijua utavaa hilo."

Basi. Hakuongeza neno. Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Alikuwa ananisifu kwamba amenijua? Amechoka kuliona? Au alikuwa anasema tu, kama wanaume wanavyosema kitu halafu wakasahau kabla hawajafunga mlango wa gari? Yeye mwenyewe havai kwa mbwembwe. Ana mashati meupe na ya bluu mpauko, suruali za kijivu, viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Na kwa hakika naye anarudia! Ila akirudia yeye hakuna anayehesabu.

Nilipomsimulia shoga yangu wa karibu, hakuchelewa kutoa hukumu. Anasema nimeshaonekana. Anasema wanaume hawageuzi nguo nje ndani kutafuta bitana, wanaona rangi na wanaona kama ni mpya. Ushauri wake ni kwamba zile fedha ninazoweka kibubuni nizigawe, ninunue magauni kadhaa ya bei rahisi yanayokwenda na wakati, niyavae moja moja kila mtoko, yakichakaa nitupe. Au, kama sitaki kutumia, nichukue kwenye kabati lake. Anavaa saizi yangu, ana nguo nyingi nzuri, na roho yake haina choyo.

Nilimjibu kwa hoja nilizokuwa nazo. Nilimwambia habari ya Coco Chanel, yule mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, kwamba mwaka 1926 jarida la Vogue la Marekani lilipochapisha mchoro wa gauni lake jeusi la kawaida, lililifananisha na gari la Ford. Maana yake ilikuwa kwamba hii ni nguo isiyo na madoido, inayoweza kuvaliwa na wengi, kama lile gari lilivyokuwa la wengi. Kwa hiyo urahisi wa nguo si dalili ya ufukara. Nikamwongezea habari ya Princess Anne wa Uingereza, ambaye gauni alilolivaa kwenye harusi ya kaka yake Charles mwaka 1981 alilivaa tena kwenye harusi nyingine ya familia mwaka 2008. Miaka 27, gauni moja, mbele ya kamera!

Shoga yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia: "Yule ni binti wa malkia. Akirudia gauni, magazeti yanasema hana makuu. Wewe ukirudia watasema huna."

Shangazi, hilo limenichoma kwa sababu sina jibu. Naona kama umaridadi wa utulivu ni lugha inayowasikilizisha watu pale tu wanapojua tayari kwamba ungeweza kupiga kelele ukitaka. Tajiri akivaa shati jeupe bila mkufu, tunasema ana ladha. Mimi nikivaa shati jeupe bila mkufu, nani anajua kama nimechagua au nimekosa? Na hapa kwangu ukweli ni kwamba yote mawili yapo. Ningekuwa na fedha nyingi bado ningevaa hivi hivi, nakuapia, ila ningekuwa na magauni manne ya namna hii badala ya moja.

Nimesoma makala nyingi kuhusu kupendeza kwa gharama nafuu. Nyingi zinanichekesha. Mwandishi anaanza kwa kusema huhitaji fedha nyingi, halafu kitu cha kwanza kwenye orodha ni sweta la kashmiri na koti la sufu la maisha. Lakini kuna wazo moja nililolichukua na ninaliamini: usitazame bei ya kitu peke yake, igawe kwa idadi ya mara utakazokivaa. Kwa hesabu hiyo gauni langu limeshajilipa zamani, na vile vigauni vya shoga yangu vya kuvaa mara mbili ndivyo ghali. Hilo nalijua kwa kichwa. Moyo ndio unaogoma kila ninapofungua kabati.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kuna mtoko unakuja ambao ni mzito kidogo. Ni chakula cha jioni, atakuwepo dada yake mkubwa na mumewe, pamoja na marafiki zake wawili. Hawa ndio wanaotumiwa zile picha. Gauni la bluu wanalijua kama wanavyonijua mimi, pengine zaidi. Fedha niliyotunza inatosha kitu kimoja kizuri, si viwili.

Mawazo yangu yamegawanyika. Upande mmoja naona ninunue viatu. Nilivyo navyo ni vya ngozi ya bandia, na vimeanza kubanduka pale kidole kinapokunjikia. Ngozi ya bandia ikianza hivyo haina dawa, ukipaka rangi inaganda juu kisha inabanduka tena. Viatu vya ngozi halisi, hata vilivyokwishavaliwa, unavipaka rangi, fundi anabadilisha soli na kisigino, vinaendelea miaka. Ninavyotaka ni vya kisigino kifupi, rangi ya kahawia iliyoiva, visivyo na bizimu wala mapambo, ambavyo nitavivaa na gauni na pia na suruali. Mtu akikaa mezani viatu havionekani, najua, ila anapoingia na anapoondoka vinaonekana, na mimi nikijua viatu vyangu vimebanduka natembea kama mtu anayeficha kitu.

Upande mwingine naona koti. Koti lisilo na madoido, rangi ya maziwa au kijivu, lililokaa vizuri mabegani, linaweza kuligeuza gauni la bluu likaonekana vazi jingine kabisa, hata kwenye picha, kwa sababu litafunika mikono na kifua na kubadilisha umbo. Na suruali nyeusi nayo itapata mwenza mpya. Ila koti zuri ni gumu kulipata. Mengi niliyoyaona yamekaa vizuri mbele, ukigeuka mgongoni kuna mikunjo kama mtu amelilalia, au ni ya mistari na mistari yenyewe haikutani kwenye mishono, au kitambaa ni poliesta tupu inayoshika jasho na harufu, na nikiwa na wasiwasi natoka jasho. Kulipata linalofaa kunahitaji muda wa kuchagua, na muda unayoyoma.

La tatu ni kuazima. Shoga yangu ana gauni la kijani kibichi la hariri, zuri kweli, limekatwa mshazari linaanguka kama maji. Nimelijaribu mbele ya kioo chake. Nilipendeza, sikatai. Lakini nilivyojitazama niliona mtu ambaye baada ya siku hiyo atalazimika kuendelea kuwa yule wa kwenye kioo. Mtoko unaofuata nitaazima tena? Na huyu mwanamume akisema, "Lile la kijani lilikupendeza, mbona hulivai?", nitamjibu nini? Tena hariri ikidondokewa na tone la mchuzi hapo hakuna utani. Usiku kucha nitakuwa nakula kwa hofu.

Kuna na la nne, ambalo dada yangu ndiye aliyelisema, na ndilo linanitisha kuliko yote. Anasema nimwambie huyu mwanamume ukweli kabla ya siku hiyo, kwa mdomo mkavu: "Hili ndilo gauni langu la mitoko, nalipenda, na kwa sasa sina jingine." Anasema akibadilika uso nitakuwa nimeokoa muda na fedha. Dada yangu ameolewa miaka mingi, ni rahisi kwake kusema. Mimi na huyu bwana bado tuko mahali ambapo hatujazungumza habari za fedha hata kidogo. Yeye hulipa akialika, mimi hulipa nikialika, na nikialika mimi huwa ni mahali pa kahawa. Sitaki neno langu la kwanza kuhusu fedha liwe juu ya gauni, na asije akadhani ninaomba aninunulie nguo. Hilo lingenivunjia heshima mbele ya macho yangu mwenyewe.

Naomba unisaidie kwa uwazi, hata kama jibu litakuwa kali. Hiyo fedha niiweke kwenye viatu au kwenye koti? Je, mtu anayerudia vazi mbele ya watu wale wale anaonekana ana msimamo, au hilo ni jambo ninalojipa moyo nalo? Na yale maneno yake, "Nilijua utavaa hilo," wewe ungeyasikiaje? Wasomaji wenzangu wa kiume nao nitafurahi wakijibu hili la mwisho, ila wasiniambie kwamba wanaume hawaangalii nguo. Huyu anaangalia.

Msomaji wako,
Mpenda Bluu