Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msimu wa Kamba katika Mlango wa Mto Swan

Ndugu wanachama, kina mama, kina baba na vijana wetu,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ulioishia Juni. Karibu yote inahusu uvuvi wa kamba katika mito ya Swan na Canning hapa Perth, Australia, kwa sababu hiyo ndiyo shughuli inayotukutanisha, na ndiyo iliyoleta maneno mengi zaidi katika vikao vyetu mwaka huu. Hesabu atazisoma mweka hazina. Kwa ufupi, ada zimelipwa vizuri, deni la nyavu limekwisha, na kilichobaki kinatosha kununua maboya ya kujiokolea kwa ajili ya watoto.

Nianze na swali ambalo wanachama wapya huniuliza kila Desemba, wakati jua linapochoma na maji ya mto yanapokuwa ya uvuguvugu: kwa nini tunakaa nyumbani ilhali kamba wanaonekana mpaka kwenye maji ya magoti? Jibu la kwanza ni la sheria. Katika mito hii miwili uvuvi wa kamba hufungwa tangu Agosti hadi katikati ya Februari, kwa hiyo kiangazi chetu cha uvuvi ni kile kipande cha mwisho, pamoja na usiku wa Machi na Aprili ambao bado una joto. Wenzetu waliokulia Kipini na Malindi hawapaswi kulishangaa jambo hili, kwani Kenya nayo huzifungia meli za kukokota kamba katika Ghuba ya Ungwana tangu Novemba hadi Machi, wakati kaskazi inavuma. Tofauti ni kwamba kule marufuku inamhusu mwenye meli, na hapa inamhusu hata mzee mwenye ndoo na tochi.

Jibu la pili ni zito zaidi. Katika mto huu tunavua kamba wa aina mbili. Mmoja ni yule mkubwa ambaye wenyeji humwita kamba mfalme, mwenye miguu na mkia wa rangi ya buluu. Huyu huzaliwa baharini, huingia mtoni akiwa mdogo, hukua kwenye maji ya pwani tulivu, kisha hurudi baharini kutaga. Mfumo huo tunaujua, kwa kuwa kamba weupe wa Rufiji na wa Sabaki huishi hivyo hivyo, wakilelewa kwenye mikoko na kutaga nje. Wa pili ni mdogo wake, ambaye wataalamu humwita Metapenaeus dalli, na yeye ndiye hasa kamba wa mto huu. Kaskazini mwa Australia huishi baharini karibu na pwani, lakini huku kusini kwenye baridi hupatikana ndani ya milango ya mito tu, na katika Swan huzaliwa, hukua, hutaga na kufa humo humo. Maisha yake ni mafupi, kiasi cha miaka miwili kwa wenye bahati, na msimu wake wa kutaga ni miezi hii ya joto. Maana yake ni kwamba tukimmaliza, hakuna kundi jingine lililoko nje linalosubiri kuingia na kujaza pengo. Naomba wanachama wanaosema kwamba bahari haiishi walipime neno lao kwa kigezo hicho.

Na pengo hilo limeshaonekana. Wazee wa mji huu bado husimulia jinsi familia nzima zilivyokuwa zikiingia majini usiku na taa za mafuta, zikitembea pwani ya Como, Applecross na Point Walter zikikokota wavu wawili wawili, huku wengine wakikaa mchangani kuchemsha maji. Uvuvi wa biashara ulikwisha katikati ya miaka ya 1970, na ule wa burudani nao ukafifia kadiri kamba walivyopungua, mpaka ikafika wakati vijana wa hapa hawakujua kwamba mto wao una kamba. Hakuna sababu moja iliyothibitishwa. Mto wenyewe umebadilika sana tangu mhandisi C. Y. O'Connor alipolipua mwamba uliokuwa umeziba sehemu ya mlango wake pale Fremantle ili kujenga bandari iliyofunguliwa mwaka 1897, maji ya chumvi yakapata njia pana ya kupanda juu. Mbolea za mashamba na bustani zimeongeza uchafu. Mvua za majira ya baridi zimepungua kusini magharibi mwa Australia tangu miaka ya 1970. Kuvua kupita kiasi nako hakuwezi kuachwa nje ya orodha hiyo.

Kati ya 2013 na 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Murdoch, wakishirikiana na kituo cha ufugaji kilichopo Fremantle, walichukua majike wenye mayai kutoka mtoni, wakawatagisha kwenye matangi, wakalea vifaranga kwa wiki kadhaa na kuwarudisha mtoni kwa mamilioni. Watu wengi hudhani kazi iliishia hapo, lakini somo kubwa lilitoka baada ya kuwaachia, pale watafiti walipochunguza matumbo ya samaki wadogo wa pwani na kukuta kwamba kisamaki mmoja wa huku, anayeatamia mayai yake mdomoni, anawala vifaranga hao kwa wingi wa kutisha. Fedha zilizotoka kwenye leseni za wavuvi wa burudani, ambazo baadhi yetu tunalipa, zilichangia mradi huo. Sambamba nao ulianzishwa mpango wa Prawn Watch, ambapo mvuvi wa kawaida huandika alipovua, alichopata na majike wangapi amewarudisha. Chama chetu kimepeleka kumbukumbu zake msimu huu wote, na kwa hilo nawashukuru kina mama wa upande wa Canning, kwa kuwa daftari lao ndilo pekee lisilohitaji kukisiwa wala kusahihishwa.

Hapa naingia kwenye jambo lililotugawa. Sheria inaruhusu kuvua kuanzia katikati ya Februari, lakini kutaga hakuishi siku hiyo. Kwa wiki kadhaa baada ya msimu kufunguliwa, sehemu kubwa ya majike tunaowapata bado wana mayai. Sheria haituambii tuwarudishe. Wanaoendesha mpango wa kumbukumbu ndio wanaotuomba, na mkutano mkuu uliopita ulikubali ombi hilo kuwa kanuni ya chama. Tatizo ni kwamba jike wa kamba huyu hukua kuliko dume, kwa hiyo wanaorudishwa ndio wanono, na wanaobaki kwenye ndoo ni wale ambao mtu akiwapeleka nyumbani huulizwa kama ameleta uduvi. Nalielewa lalamiko hilo, nami sufuria yangu ni kama zenu. Hata hivyo msimamo wangu haujabadilika: jike mmoja anayerudi majini mwezi wa pili ana uwezo wa kutaga tena kabla baridi haijaingia, na kwa mnyama asiyeishi muda mrefu, msimu mmoja wa kutaga ni sehemu kubwa ya umri wake.

Lazima pia niseme kwamba wengine walikosea kwa kutojua. Wamezoea kumgeuza kaa na kutazama mayai chini ya tumbo, wakamgeuza kamba hivyo hivyo, wakaona hakuna kitu, wakamtia ndooni. Kamba wa jamii hii habebi mayai nje, huyamwaga majini. Mtazame mgongoni kwa tochi, na ukiona mstari mnene wa kijani kupitia gamba, kuanzia kichwani kuelekea mkiani, huyo ndiye. Arudishwe taratibu, si kwa kurushwa.

Kuhusu zana, sheria ya jimbo ni wavu wa kukokota usiozidi mita 4, wenye jicho lisilopungua milimita 16, unaokokotwa kwa mikono na si kwa mashua. Mwezi wa tatu nilikuta ndani ya wavu mmoja wa chama kumeshonewa kipande cha chandarua. Aliyekishona anajijua, tumezungumza naye, na kipande kimefunguliwa. Najua ametoka mahali ambapo kutanda uduvi kwa chandarua ni riziki ya kila siku ya kina mama, na simlaumu kwa alichokijua tangu utotoni, lakini wavu ukikamatwa una jina la chama, na faini haitamtafuta yeye peke yake. Kiwango cha kisheria ni lita 9 za kamba kwa mtu kwa siku. Sisi tulijiwekea nusu yake, na nafurahi kusema kwamba ni mara chache mno tuliikaribia hata hiyo nusu.

Wanachama waliotoka Tanga, Mombasa na Unguja wamekuwa wakipanga safari zao kwa kuhesabu bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo mwezi huyafanya maji yapande na kushuka sana au kidogo, na baadhi yao wamerudi mikono mitupu wakilaumu mto. Kwetu maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na bamvua kubwa hufika karibu mita 4. Perth mara nyingi ni mara moja tu kwa siku, na tofauti haifiki mita moja. Upepo na mgandamizo wa hewa unaweza kuinua au kushusha maji kwa kiasi kile kile cha mwezi. Kinachofaa zaidi hapa ni giza la mwezi, na usiku uliotanguliwa na alasiri isiyo na ule upepo mkali wa baharini ambao wenyeji huuita Daktari wa Fremantle, kwa kuwa ukivuma hadi magharibi huyavuruga maji ya kina kifupi na macho mekundu ya kamba hayaonekani hata kwa tochi nzuri. Matokeo yetu bora ya msimu yalipatikana katika usiku wa aina hiyo upande wa Canning, si kwa sababu ya hesabu ya bamvua.

Usalama haukutupa shida kubwa, isipokuwa kijana mmoja aliyechomwa mguu na kambare wa huku mwenye miiba ya sumu, ambaye hujilaza kwenye majani ya chini. Maji ya moto kiasi cha kuvumilika yalimtuliza kabla ya kufika hospitali. Tangu siku hiyo hakuna anayeingia majini bila viatu, na nasisitiza kwamba malapa si viatu. Nawakumbusha pia kwamba mwani wenye sumu aina ya Alexandrium umekuwa ukijitokeza kwenye mto huu katika viangazi vya miaka ya karibuni, na kwamba sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Idara ya Afya inapotangaza onyo juu ya kome na kaa wa sehemu fulani, chama hakitapeleka mtu sehemu hiyo kwa lengo lolote, hata kama kamba hawakutajwa.

Lipo jambo jingine ambalo naona hatulitilii maanani. Wapo wanaonunua dukani kamba wabichi waliogandishwa kutoka nchi za nje na kuwafanya chambo cha samaki. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa wa madoa meupe ulizuka kwenye mashamba ya kamba ya mto Logan, Queensland, ukayafuta mashamba hayo, na kamba wa kuagizwa waliotumiwa kama chambo walikuwa miongoni mwa njia zilizoshukiwa. Virusi hivi havimdhuru mlaji, lakini havifi kwa kugandishwa. Wenzetu wanaofuatilia habari za nyumbani watakumbuka kwamba ugonjwa huo huo uliyapiga mashamba ya Msumbiji mwaka 2011 na ya Madagaska mwaka uliofuata. Kamba wa dukani ni wa mchuzi wa nazi. Ndoana itafutiwe chambo kingine.

Majirani wa kando ya mto walitulalamikia mara moja kuhusu kelele na taa zilizoelekezwa madirishani, na walikuwa na haki. Maeneo ya Alfred Cove, Pelican Point na Milyu, ambayo yamo katika hifadhi ya mto kwa ajili ya ndege wanaosafiri kutoka Siberia, tuyaache kabisa, hata pale ambapo mwenye hoja ataniletea ramani kunithibitishia kwamba hatua chache pembeni zinaruhusiwa.

Kamati inaomba mkutano huu uamue mambo matatu. La kwanza ni kuifanya kanuni ya kurudisha majike wenye mayai iwe ya kudumu hadi mwisho wa Aprili kila msimu, badala ya kuijadili upya kila mwaka. La pili ni kukabidhi daftari la kumbukumbu kwa kina mama wa Canning kwa eneo lote la chama, ikiwa watakubali mzigo huo. La tatu ni kuruhusu fedha iliyobaki itumike kununua maboya ya watoto kabla ya Februari. Mapendekezo mengine yamfikie katibu kwa maandishi kabla ya kura, na kipindi changu cha uenyekiti kinapoisha leo, nafasi hiyo nayo iko wazi kwa atakayependekezwa.

Mwenyekiti