Ndimu na siki haziifai marumaru

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie ushauri uliotolewa na ukurasa wenu wa mambo ya nyumbani, kwamba sakafu yoyote iliyofubaa isuguliwe kwa maji yaliyotiwa siki au ndimu. Kwa vigae vya kiwandani ushauri huo hauna madhara makubwa, lakini kwa marumaru halisi ya jiwe ni wa kuharibu, na kwa kuwa hapa Mtwara wapo wanaojenga sasa wakiiweka sebuleni na kwenye kaunta za jikoni, naona si vyema kulinyamazia jambo hili.

Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo mkubwa ardhini. Sehemu yake kubwa ni kabonati ya kalsiamu, kitu kile kile kilichomo katika matumbawe ambayo wazee wetu wa Mikindani na Kilwa waliyajengea nyumba na kuyachoma wapate chokaa. Kitu hicho hakipatani kabisa na asidi. Mwenye kutaka kuhakikisha achukue kipande kilichobaki kwa fundi, adondoshe tone moja la ndimu, kisha ainame atazame: ataona vipovu vidogo vidogo vikichomoza ndani ya tone, na akishafuta atakuta duara lisilo na mng'ao, ambalo huonekana vizuri zaidi akiliangalia kwa upande, kuelekea dirishani. Watu hudhani ni doa, wakalisugua zaidi kwa ndimu ile ile, ilhali hapo hapana uchafu wowote wa kuondoa. Ni uso wa jiwe ulioliwa. Alama ya namna hiyo haitoki kwa sabuni. Huondolewa kwa kung'arisha jiwe upya, na ikiwa imeenea sakafu nzima, hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine, nayo ina gharama.

Jikoni kwetu hatari hii ipo kila siku, kwa sababu samaki hukamuliwa ndimu, ukwaju hulowekwa, embe mbichi hukatwakatwa na juisi ya ubuyu humwagika, na vyote hivyo vina asidi. Mpishi atumie ubao wa kukatia, na kitu kikimwagika akifute papo hapo, maana dakika chache zinatosha kuacha alama. Ipo dawa ya kupaka inayoziba vinyweleo vya jiwe, nayo husaidia marumaru isinywe upesi mafuta na bizari, lakini haizuii asidi kuula uso wake. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba akishapaka dawa hiyo hana tena la kuhofia hamtendei haki.

Kinachonisikitisha zaidi ni kuona sakafu za marumaru zikisafishwa kwa dawa kali za choo, au kwa asidi ambayo mafundi huitumia kuondoa mabaki ya saruji. Asidi hizo huharibu kwa mmiminiko mmoja kuliko ndimu ya mwezi mzima. Tena wapo wanaoongezea dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe wakidhani watapata weupe zaidi, kumbe mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu. Hapo hatari si ya sakafu tena, ni ya mtu aliyeinama kuisugua.

Mchanga nao tusiuache, kwani mji wetu umekaa juu yake. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kalsaiti, yaani ile kabonati ya kalsiamu iliyomo kwenye marumaru, ni 3, na kwatzi, ambayo ndiyo punje nyingi za mchanga wa kawaida, ni 7. Anayepiga deki kabla ya kufagia huburuta punje hizo juu ya jiwe na kulikwaruza. Afagie kwanza kwa ufagio laini, kisha apige deki kwa maji safi yenye matone machache ya sabuni ya maji isiyo na asidi, asuuze, na akaushe kwa kitambaa, hasa pale maji ya kisima yanapoacha utando mweupe. Stilwaya na unga wa kusugulia masufuria vikae mbali. Mafuta ya kupikia yakimwagika, yafutwe, kisha pamwagiwe poda nyeupe ilale hapo usiku kucha iyanyonye.

Sikukuu ya Idi ikikaribia nyumba nyingi husafishwa kwa nguvu kuliko siku nyingine zote. Naomba kabla ya wakati huo ukurasa wenu uchapishe marekebisho yanayotenganisha vigae na marumaru ya jiwe, na ninawasihi mafundi wanaoweka mawe haya wamweleze mwenye nyumba, siku ile ile ya kukabidhi kazi, vitu asivyopaswa kuvitumia.

Msomaji wenu,
Shangani, Mtwara