Rukia, nisemee kwa shangazi yako

Mombasa, Januari, saa sita usiku

Shoga yangu Rukia,

Assalam alekum. Salamu nyingi kwako, kwa mumeo na kwa wale watundu wawili. Sisi huku wazima, mama mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua kama kawaida. Najua miezi minane si michache na una haki ya kununa. Nuna, lakini soma kwanza, kwani leo nina shida, na shida yenyewe inapitia kwenu.

Nataka umpigie simu shangazi yako, aniruhusu kuweka vipimajoto vidogo kwenye nyumba yenu ya Mji wa Kale.

Nianzie nyuma kidogo. Ile digrii ya uzamili niliyokudokezea siku ya harusi ya Maimuna, ukanicheka kwamba nitazeekea kwenye madaftari, bado naisoma. Uhandisi wa huduma za majengo: maji, umeme, hewa, viyoyozi, lifti, mambo ya kuzima moto, yaani vyote ambavyo mtu havioni mpaka viharibike. Chuo kiko Uskochi, mimi niko Kisauni. Nasoma usiku kwa laptopu, nalipa moduli mojamoja kadiri mshahara unavyokubali. Mama aliniuliza kama cheti cha kusomea sebuleni kina thamani yoyote. Nikamwambia kozi inatambuliwa na CIBSE, chama cha wahandisi wa fani hii huko Uingereza. Akasema sawa, lakini je, Kisauni kinatambuliwa? Sikuwa na jibu.

Jumla ni krediti 180. Masomo yana 120, tasnifu 60. Zile 120 nimezimaliza Novemba, alhamdulillahi, ingawa moduli moja niliirudia. Na niliyoirudia ni ipi? Ya kupasha nyumba joto! Haya cheka. Mtoto wa Mombasa, ambaye sweta yake ya mwisho ilikuwa ya shule, anaulizwa: nje ni chini ya sifuri, ndani watu wanataka digrii 21, kuta zinapoteza joto kiasi gani na boila iwe na nguvu gani? Hesabu naijua. Lakini tangu nizaliwe joto limekuwa likitoka nje kuja ndani, na mkono ukawa unaandika hivyo. Pa kutoa nikajumlisha.

Kwenye viyoyozi nililipiza kisasi. Kuna chati ya joto na unyevu, wenzangu wa huko wakiilalamikia kila kikao. Mimi naishi ndani yake! Hewa ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu cha digrii 25 hivi. Sasa dakti, ule mfereji wa bati unaopitisha hewa ya kiyoyozi ya digrii 14, ikichanika ile sponji inayoufunika, itaacha kutoka jasho? Hapa kazini dari ilikuwa inadondosha maji juu ya vitanda vya wageni, bosi akamwita fundi bomba mara tatu apasue ukuta. Hapana bomba pale, Rukia. Ni hewa ya Mombasa tu, imekuja kupumzika juu ya bati baridi. Niliposema hivyo nilitazamwa kama mganga.

Halafu kuna la maji, nalo lilininyima usingizi. Mwaka 1976, kwenye hoteli moja Philadelphia, wanajeshi wastaafu walikuwa na mkutano wao, watu zaidi ya 200 wakaugua mapafu na 34 wakafa. Kilikuwa kijidudu kinachopenda maji ya uvuguvugu. Basi vitabu vinaagiza: maji ya moto yahifadhiwe kwa digrii 60, maji baridi yakae chini ya 20. Chini ya 20! Tangi jeusi juu ya paa, Februari, jua la saa saba mchana. Hayo maji ya digrii 20 nitayapata wapi, labda niyatie barafu ya Kongowea? Pale ndipo nilipoanza kuona kwamba mengi ninayosoma ni kweli, ila yameandikwa na mtu aliyevaa koti.

Na hapo ndipo nyumba yenu inapoingia.

Kila mtu hapa atakwambia nyumba za Mji wa Kale ni baridi kwa sababu ya kuta nene za matumbawe na chokaa. Nimelisikia tangu utotoni, na hata mimi nililiandika kwenye pendekezo la tasnifu. Msimamizi wangu akanirudishia na swali moja tu: usiku Mombasa kunapoa kiasi gani? Nikakaa kimya. Ukuta mnene husaidia pale mchana ni moto na usiku ni baridi kama jangwani. Unaikusanya baridi ya usiku na kuitoa mchana. Kwetu wakati wa kaskazi usiku joto hushuka digrii chache tu. Sasa huo ukuta unakusanya baridi gani? Labda si ukuta. Labda ni vile vichochoro vinavyonyimana jua, dari zilizo juu, na vyumba vyembamba (boriti za mikoko hazivuki sana mita tatu) ambavyo upepo ukiingia hauna pa kupotelea. Labda nyanyako hukaa pale dirishani ghorofani, kiti kilekile tangu sisi tukiwa na ubao wa madrasa, kwa sababu anajua kitu ambacho mimi nalipia kwa pauni.

Nimenunua vipimo sita kwa pesa zangu. Vidogo kama kiberiti, vinaandika joto na unyevu kila dakika kumi, basi. Havioni, havisikii. Nataka kimoja ukumbini chini, kimoja penye ngazi, viwili ghorofani, kimoja kwenye roshani kivulini, na kimoja kwangu Kisauni kwenye haya matofali ya simiti na mabati, tulinganishe. Februari na Machi yote, kabla masika hayajaingia. Nikikosa kaskazi hii nangoja mwaka mzima, na chuo hakitangoja bure.

Mbona isiwe nyumba nyingine? Nimezunguka Kibokoni nzima. Huku wametia vigae na kiyoyozi, kule wameziba madirisha ya juu. Yenu ndiyo iliyobaki ilivyokuwa.

Nilikwenda mwenyewe kuomba. Shangazi alinipokea vizuri, akanipa mahamri na mbaazi. Mimi nikafanya ujinga: nikatoa futi kwenye mkoba nipime dirisha. Uso ukabadilika palepale. Akaniambia, "Amina mwanangu, nyumba hii imeshapimwa." Nilidhani ni mambo ya kamera na Wazungu, nikaanza kumweleza. Kumbe sivyo. Alikuja kijana na futi kama yangu, akasema anaandika habari za nyumba za zamani, akapewa chai. Mwezi haukuisha, dalali akabisha hodi na karatasi yenye vipimo vya kila chumba, na mmoja wa warithi kule kwenu Muscat alikuwa keshaongea naye. Mimi hayo sikuyajua. Ulijua wewe? Niliona aibu, Rukia. Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu ya upepo kwa mtu anayelinda paa la mamake.

Kwa hiyo si kwamba nataka umwambie mimi ni mtu mwema, hilo analijua, alinisuka nywele. Mwambie vipimo vya urefu sitachukua hata kimoja. Mwambie jina la nyumba halitaandikwa, wala mtaa. Mwambie akitaka vitolewe siku yoyote, aviweke kwenye bakuli anipigie, sitauliza sababu. Kwako wewe atasikia. Mimi nikirudi tena nitaonekana nina langu.

Mengine nitakuandikia nikiwa na akili. Swaleh wa Makadara anakusalimu, bado hajaoa na bado anasema mwaka huu.

Sasa nijibu. Shangazi huwa unampigia lini ukamkuta na nafasi, baada ya alasiri au usiku? Nianze kwa kumwomba radhi au niache wewe utangulie? Ramadhani ikiingia jikoni kutawaka moto kila jioni, joto la sambusa litaingia kwenye grafu yangu; niliandike au ninyamaze? Na huyo mrithi aliyezungumza na dalali, ni yule ninayemdhani? Huko Muscat mnalala na kiyoyozi usiku kucha? Watoto wanaongea Kiswahili bado?

Jambo moja zaidi, na usimwambie mtu. Nikiwa nashuka ngazi nyanyako aliniita kwa mkono, akanong'ona kwamba Ijumaa shangazi huwa darsani mpaka magharibi, nije nikitie kimoja pale dirishani kwake. Nimekataa. Mpaka jana nilikuwa nimekataa. Nipigie kabla ya Ijumaa.

Wako,
Amina